Mfuko wa Dawa wa Mwenye Presha: Tuliyojifunza Dirishani

Swali "unatumia dawa gani?" halitoshi. Mwenye presha akiulizwa hivyo hutaja amlodipini na losartani, basi. Hataji diklofenaki anayomeza kwa ajili ya goti, wala unga wa mlonge anaokoroga kwenye uji, wala ile chumvi ya matunda anayokunywa tumbo likijaa gesi. Hafichi kitu. Kwake yeye ya kwanza ni ya maumivu tu, ya pili ni mboga, ya tatu ni ya tumbo. Kazi ya dirisha la dawa imetufundisha kuuliza kwa vitenzi: tangu wiki iliyopita umemeza nini, umekunywa nini, umetafuna nini, umejipaka nini, umechomwa sindano gani? Na kuliko maswali yote, kinachofaa zaidi ni mgonjwa kuweka kila kitu kwenye mfuko mmoja na kuja nao kliniki. Mfuko ukishamwagwa mezani, sababu ya presha kukataa kushuka mara nyingi inaonekana kabla ya mtu kuandikiwa kidonge kipya.

Tunayoandika hapa ni yale tunayoyakuta ndani ya mifuko hiyo. Majina ya dawa tumeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye boksi utakuta jina lilelile, mara nyingi likikosa irabu ya mwisho.

Tuanze na dawa za maumivu, kwa kuwa hakuna kundi linaloharibu matibabu ya presha kimyakimya kama hili. Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, meloksikamu, indomethasini: zote ni ndugu. Figo hutumia kemikali fulani za mwili kuuweka wazi mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vyake, na dawa hizi huzuia kemikali hizo zisitengenezwe. Mshipa ukibana, figo hushikilia chumvi na maji, presha hupanda, na nguvu ya dawa ya presha hupungua. Amlodipini huathirika kidogo. Enalaprili, losartani na dawa za kukojoza huathirika sana. Mgonjwa hajui lolote. Anaona goti limepoa, na anapopimwa presha anaambiwa imepanda, kisha anaongezewa dozi ambayo hakuihitaji.

Ubaya zaidi huja vitu vitatu vikikutana: enalaprili au losartani, dawa ya kukojoza, na diklofenaki. Enalaprili na losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio. Diklofenaki hubana ule unaoingiza. Dawa ya kukojoza imeshapunguza maji mwilini. Mlango wa kuingilia umebanwa, wa kutokea uko wazi, na chenyewe cha kuchuja ni haba, kwa hiyo kichujio kinakosa msukumo na figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Wazee, wenye kisukari, na mtu anayeharisha au kutapika wako hatarini kuliko wengine. Mkojo ukipungua ghafla, miguu ikivimba, kichefuchefu na uchovu vikaja baada ya kuanza dawa ya maumivu, acha dawa hiyo ya maumivu siku hiyohiyo na uende ukapimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama figo zinafanya kazi.

Angalia pia vidonge vya mchanganyiko. Vipo vingi madukani ambavyo ndani yake kuna diklofenaki au ibuprofeni pamoja na parasetamoli, na mnunuzi huambiwa tu kwamba ni "panado yenye nguvu". Soma maandishi madogo chini ya jina kubwa, maana dawa yenyewe hutajwa hapo.

Badala yake utumie nini? Parasetamoli ya kawaida, vidonge viwili vya miligramu 500, isizidi gramu 4 kwa siku, na kiwe pungufu ya hapo kwa mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe. Hata hiyo isiwe ya kila siku bila ushauri. Utafiti wa Edinburgh uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba gramu 4 kila siku kwa wiki mbili zilipandisha namba ya juu ya presha kwa takriban alama 5 kwa watu wenye presha. Kwa goti au kiwiko, jeli ya diklofenaki ya kupaka ni afadhali mara nyingi kuliko kidonge, kwani kinachofika kwenye damu ni kidogo sana. Aspirini ndogo ya miligramu 75 ambayo daktari ameiandika kwa ajili ya moyo ni jambo jingine. Hiyo usiiache kwa sababu umesoma habari za dawa za maumivu.

Kuna chumvi ambayo haionjwi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha kuyeyusha majini, kile kinachochemka, kina karibu miligramu 400 za sodiamu. Ukinywa vinane kwa siku umevuka kiwango chote kabla hujagusa mboga. Kipakiti cha gramu 5 cha chumvi ya matunda ya kutuliza tumbo kina takriban miligramu 850. Magadi ya kulainishia maharage na makande ni sodiamu vilevile, hata kama ulimi hauhisi chumvi. Tumeona watu waliotoa kikopo cha chumvi mezani kwa nidhamu kubwa, huku kila usiku wakinywa kipakiti cha tumbo.

Wengine hununua "chumvi ya wenye presha", ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima, asiyetumia dawa zinazobakiza potasiamu, ni msaada wa kweli. Lakini enalaprili, lisinoprili, losartani na spironolaktoni zote huzuia mwili kutoa potasiamu. Ukiweka chumvi hiyo juu yake, na figo zikiwa zimeshachoka, potasiamu hupanda kupita 5.0 kwenye kipimo cha damu, na ikipanda mno moyo hupiga ovyo au husimama. Madafu nayo yana potasiamu nyingi. Dafu moja moja si tatizo kwa wengi, ila mwenye ugonjwa wa figo anayemeza spironolaktoni asifanye madafu kuwa maji yake ya kunywa. Kipimo cha potasiamu na kreatinini hufanywa kabla ya kuanza dawa hizi, na hurudiwa wiki moja hadi mbili baada ya kuanza au kuongeza dozi. Kikisahaulika, kumbusha wewe.

Sasa tuje kwenye dawa inayoitwa kutibu madhara ya dawa nyingine. Hapa ndipo mfuko hujaa.

Mtu anaanza amlodipini miligramu 10, baada ya wiki kadhaa vifundo vya miguu vinavimba jioni. Anakwenda dukani, anapewa furosemidi, maarufu kwa jina la Lasix. Uvimbe haupungui sana, na sasa anaamka usiku mara nne, potasiamu inashuka, misuli inakaza. Sababu ni kwamba uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini. Dawa hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini haiilegezi vivyo hivyo ile inayorudisha, basi maji husukumwa kutoka kwenye mishipa na kutuama miguuni. Kinachosaidia ni kushusha dozi hadi miligramu 5, au kuongeza dawa ya jamii ya losartani, au kubadili kabisa. Hilo ni la kuamua na daktari. Ila uvimbe ukiambatana na kukosa pumzi ukilala, uso kuvimba asubuhi, au mkojo wenye povu, usiulaumu kidonge. Moyo na figo vipimwe.

Mfano wa pili ni kikohozi cha enalaprili, kaptoprili na lisinoprili. Ni kikavu, kinakereketa koo, huanza baada ya siku chache au hata miezi. Mgonjwa hununua dawa ya mafua na kikohozi, na nyingi kati ya hizo zina pseudoefedrini au fenilefrini, ambazo hubana mishipa ya pua na mishipa mingine yote pamoja nayo. Kikohozi kinabaki palepale na presha inapanda. Dawa ikiachwa kwa maelekezo ya daktari na kubadilishwa kuwa losartani, kikohozi huisha kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi nne. Hata hivyo, kwetu kikohozi cha wiki mbili na zaidi lazima kipimwe kifua kikuu kwanza. Kuwa na enalaprili mfukoni si kinga.

Na hili la hatari: midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla kwa mtu anayetumia kidonge cha jamii ya enalaprili, ni dharura ya hospitali, kwa sababu koo linaweza kuziba. Hutokea mara nyingi zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na linaweza kutokea hata baada ya miezi ya kutumia dawa bila shida. Mtu huyo asipewe tena dawa yoyote ya jamii hiyo maishani, na jambo hilo liandikwe juu ya jalada la daftari lake kwa kalamu nyekundu.

Kwa wajawazito, enalaprili, losartani na ndugu zao haziruhusiwi. Huharibu figo za mtoto tumboni. Mwanamke mwenye presha anayetaka kushika mimba aseme mapema abadilishiwe, asisubiri tumbo lionekane. Dawa zinazotumika sana ni methildopa, nifedipini ya kutoka polepole na labetaloli. Tunalotaka kulisisitiza hapa husahaulika hata na watoa dawa: kidonge cha damu, ile chuma na foliki anayopewa kila mjamzito, huikamata methildopa tumboni, na kiasi kikubwa cha methildopa hakifiki kwenye damu. Presha haishuki, dozi inaongezwa, mama anaogopeshwa, kumbe vidonge viwili vimemezwa kwa funda moja la maji. Mpangilio unaofaa ni kuitenganisha mbali kadiri inavyowezekana, isipungue saa mbili. Mwenye methildopa mara tatu kwa siku anaweza kuimeza asubuhi, alasiri na wakati wa kulala, na kidonge cha damu akakimeza katikati ya asubuhi na alasiri. Asiache hata kimoja.

Kifua kikuu kina somo lake. Rifampisini, iliyomo katika vidonge vya TB, huliamsha ini lisage dawa nyingine upesi. Nifedipini, amlodipini na losartani hupungua nguvu, na nifedipini huweza kuwa kama haipo. Presha iliyokuwa imetulia hupanda wiki chache baada ya kuanza tiba, na mgonjwa husingiziwa kwamba hamezi dawa. Tumeliona hili mara nyingi mno, na linaumiza, kwa kuwa mtu mwaminifu anasemwa kuwa mzembe. Kitu ambacho watu hawakitarajii ni mwisho wa tiba: rifampisini ikikoma, ini hurudi katika kasi yake ya kawaida ndani ya takriban wiki mbili, na dozi kubwa ya presha iliyoongezwa njiani inaweza kumwangusha mtu kwa kizunguzungu. Miadi ya kupima presha iwekwe wiki ya pili baada ya kumaliza dawa za TB.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, wale walio kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri hupata kinyume chake: amlodipini na nifedipini hupanda ndani ya damu, miguu huvimba na presha hushuka mno. Dolutegraviri, dawa nyingine ya virusi hivyo, haina ugomvi na amlodipini. Vituo viwili vinavyomhudumia mtu mmoja havisomi daftari moja, ndiyo maana tunasisitiza mfuko.

Mitishamba sasa, na hapa hatutaki kumbeza mtu. Rosela, ile choya nyekundu, hushusha presha kidogo kweli. Kitunguu saumu, mlonge na habasoda navyo vina nguvu fulani. Tatizo ni kuviongeza juu ya dawa bila kusema. Mlonge hushusha na sukari, kwa hiyo mwenye kisukari na presha anaweza kujikuta anatetemeka saa nne asubuhi. Vidonge vya kitunguu saumu vilivyokolezwa huongeza uwezekano wa kuvuja damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini, na ni vema viachwe kabla ya upasuaji. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi kile, hakina neno. Ila kuna mzizi mmoja tunaoukataza kabisa kwa mwenye presha: mzizi mtamu wa likorisi, ambao wauzaji wa dawa za Kiarabu huuita irki susi. Huifanya figo ibakize chumvi na imwage potasiamu, ukitafunwa au kunywewa kila siku. Miraa nayo hupandisha presha na mapigo ya moyo. Juisi ya balungi hupandisha nifedipini na felodipini ndani ya damu, na athari hiyo haiishi kwa kutenganisha saa chache.

Dawa za "asili" zinazofanya kazi ndani ya nusu saa zinatutia hofu kuliko zote. Ya nguvu za kiume inayofanya hivyo inaweza kuwa imechanganywa na sildenafili, ile dawa ya Viagra, na mwenye kidonge au dawa ya kupuliza ya naitreti chini ya ulimi kwa ajili ya moyo anaweza kupoteza maisha kwa presha kuporomoka. Ya viungo inayomfanya mzee aliyekuwa haamki acheze na wajukuu siku ya tatu inaweza kuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, au diklofenaki. Dada anayetumia vidonge vya kunenepa anavyouziwa vikiwa vimefungwa kwenye karatasi bila jina, mara nyingi anameza deksamethasoni ama prednisoloni: uso unakuwa wa mviringo, sukari inapanda, presha inapanda. Na akishazitumia kwa wiki nyingi asizikatishe ghafla, maana mwili umeshaacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Apelekwe hospitali azishushe polepole.

Majina mawili, dawa moja. Losartani ya kampuni hii na losartani ya kampuni ile, boksi la bluu na boksi la kijani, zote zinamezwa asubuhi kwa sababu moja ilitoka zahanati na nyingine ilitoka kwa daktari wa mjini. Herufi H baada ya jina kwa kawaida huonyesha kwamba kuna hidroklorothiazidi ndani. Ukimeza losartani H pamoja na hidroklorothiazidi ya peke yake, umezidisha dawa ya kukojoza, na sodiamu ya mzee hushuka hadi akachanganyikiwa. Enalaprili na losartani hazitumiwi pamoja.

Ukisahau dozi na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, meza ya kesho tu, usimeze mbili. Amlodipini hufikia kilele baada ya saa 6 hadi 12 na hutulia mwilini baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo kumeza cha ziada kichwa kikiuma hakusaidii kichwa hicho. Atenololi, propranololi na klonidini, ambazo nazo ni dawa za presha, zisikatwe ghafla, presha na mapigo ya moyo hurudi kwa kishindo. Kidonge cha nifedipini cha kutoka polepole hakitafunwi, hakisagwi, na nifedipini ya maji haitobolewi chini ya ulimi. Mazoea hayo ya zamani yaliporomosha presha ghafla na kuleta kiharusi.

Kabla ya kuamini kwamba presha imepanda, pima sawasawa. Kojoa kwanza. Kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi wala si juu ya shati. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 na kuendelea ni juu. Ukikuta 180 kwa 120 pamoja na kifua kuuma, mkono kulegea, maneno kuvurugika, macho kutoona au pumzi kukata, nenda hospitali sasa hivi.

Ukipatwa na kuhara au kutapika kusikokoma, piga simu kliniki uulize kama usimamishe kwa muda enalaprili au losartani, dawa ya kukojoza na metformini ya kisukari, hadi utakapokula na kunywa vizuri. Kwa anayefunga Ramadhani, swali kama hilo liulizwe Shaabani, si siku ya kumi ya mfungo. Dawa ya mara moja kwa siku kwa kawaida huhamia futari. Ya kukojoza ikimezwa daku humkausha mtu mchana kutwa.

Na vidonge vibaki katika karatasi yake. Usivihamishie kwenye kopo la zamani, usiviache juu ya friji wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mwaka 2018 valsartani kutoka kwa watengenezaji kadhaa ilirudishwa nchi nyingi baada ya kukutwa na uchafu wa NDMA, unaoweza kusababisha saratani. Waliokuwa na boksi walilinganisha namba ya toleo wakajua kama yao imo. Waliokuwa na vidonge vilivyokatwa kwa mkasi bila namba hawakuwa na cha kulinganisha. Kwa hiyo dukani, ukikatiwa vidonge kumi, mwombe muuzaji aanze kukata upande usio na maandishi, au akuandikie kwenye bahasha jina la dawa, miligramu, namba ya toleo na mwezi wa kuisha muda wake.